Posho ya wahubiri wa mzunguko

Posho ya wahubiri wa mzunguko ilikuwa utaratibu wa fedha ambao Wamethodisti wa Uingereza na Marekani waliutumia katika karne ya 18 na ya 19 ili kuwatunza wahubiri wao waliosafiri kutoka jumuiya moja hadi nyingine. Mhubiri wa namna hiyo hakulipwa na kanisa moja, kwa kuwa hakukaa katika kanisa moja. Alitunzwa na jumuiya zote za eneo lake, kila moja ikitoa sehemu yake, na kiasi alichostahili kilipangwa na mkutano wa wahubiri, si na matajiri wa mahali.

Utaratibu huo ulikuwa na misingi mitatu. Kwanza, kiasi kilikuwa kimoja kwa wote, awe mhubiri mwenye sifa au asiyejulikana. Pili, kilikuwa cha kujikimu tu. Ndiyo sababu kiliitwa posho, si mshahara. Tatu, hakikuwa deni: michango isipotosha, mhubiri alipata pungufu na hakuwa na wa kumdai.

Kwa njia hiyo Wamethodisti waliweza kupeleka wahubiri hata mahali ambapo watu hawakuwa na uwezo wa kumweka mchungaji wao wenyewe. Hata hivyo, pengo la fedha halikutoweka. Lilibebwa na wahubiri, wake zao na watoto wao, na wengi waliacha kusafiri mara walipooa.

Mhubiri wa mzunguko

John Wesley (1703–1791) alikuwa padri wa Kanisa Anglikana nchini Uingereza. Kuanzia mwaka 1739 alihubiri viwanjani na kuwakusanya wafuasi wake katika vikundi vilivyoitwa jumuiya. Mapadri waliomuunga mkono walikuwa wachache, hivyo akaanza kuwatuma walei wahubiri. Baadhi yao walikuwa mafundi wa kawaida: John Nelson alikuwa mwashi, na Alexander Mather alikuwa mwoka mikate.

Mwaka 1746 jumuiya zote ziligawanywa katika mizunguko 7, miongoni mwake London, Bristol, Cornwall na Newcastle. Mzunguko ni kundi la jumuiya zinazohudumiwa na wahubiri walewale kwa zamu. Mhubiri alipita kila jumuiya kwa ratiba, akalala kwa waumini, kisha akaendelea mbele. Baada ya mwaka mmoja au miwili alihamishiwa mzunguko mwingine.

Nchini Marekani mizunguko ilikuwa mipana zaidi. Mhubiri alisafiri kwa farasi, akibeba nguo na vitabu katika mifuko ya tandiko, na mara nyingi alihitaji wiki nne hadi sita kabla ya kurudi alipoanzia. Mtu wa namna hiyo hakuweza kulima wala kufungua karakana. Kwa hiyo swali la riziki yake halikuweza kukwepwa.

Njia nyingine za wakati ule

Katika koloni la Virginia Kanisa Anglikana lilikuwa kanisa la serikali. Mapadri wake walilipwa kwa kodi, na kwa sheria ya mwaka 1696 kila mmoja alistahili ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Mwaka 1758 bunge la koloni liliruhusu madeni ya tumbaku yalipwe kwa fedha taslimu, kwa kiwango cha peni mbili kwa ratili, ambacho kilikuwa chini ya bei ya soko. Jambo hilo lilizusha mgogoro mkubwa kati ya mapadri na walipa kodi.

Katika majimbo ya New England makanisa ya Kikongregesheni nayo yalitegemea kodi. Utaratibu huo ulikoma Connecticut mwaka 1818 na Massachusetts mwaka 1833.

Wabaptisti wengi walifuata njia tofauti kabisa: mhubiri alikuwa mkulima kama waumini wake, naye alijilisha kwa jasho lake mwenyewe.

Wamethodisti hawakuwa na kodi, na wahubiri wao hawakuwa na muda wa kulima. Walitegemea michango midogo ya hiari iliyokusanywa mara kwa mara kutoka kwa watu wengi.

Peni moja kwa wiki

Chanzo cha michango hiyo kilikuwa deni la jengo. Mwezi Februari 1742 waumini wa Bristol walikutana kujadili namna ya kulipa gharama za nyumba yao ya ibada. Mmoja alipendekeza kila mwanajumuiya atoe peni moja kwa wiki. Ilipojibiwa kwamba wengi ni maskini mno, nahodha aliyejulikana kwa jina la Foy alijitolea kupewa watu 11 walio maskini kuliko wote. Angewatembelea kila wiki, na asiyekuwa na kitu angelipiwa naye. Aliwaomba wengine wafanye vivyo hivyo.

Hivyo jumuiya iligawanywa katika makundi ya watu kama 12, yaliyoitwa madarasa, kila moja likiwa na kiongozi wake. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba kukusanya peni, waligundua pia nani ni mgonjwa, nani ana ugomvi na jirani yake na nani amerudia ulevi. Wesley aliona mara moja faida ya ziara hizo, na darasa likawa msingi wa malezi ya kiroho ya Wamethodisti wote. Kazi ya kukusanya fedha na kazi ya kuchunga watu zilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Baadaye ilizoeleka kutoa peni moja kwa wiki pamoja na shilingi moja kila robo mwaka, wakati wa kugawa tiketi mpya za uanachama. Shilingi ya wakati ule ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na shilingi 20. Aliyetoa kikamilifu alifikisha shilingi 8 na peni 4 kwa mwaka.

Kutoka zawadi hadi posho maalumu

Mwanzoni wahubiri hawakuwa na kiasi maalumu. Walipewa chakula, malazi na malisho ya farasi na waumini waliowapokea, na jumuiya ziliwanunulia nguo zile za zamani zilipochakaa. Mwaka 1750 alifariki mhubiri aliyeitwa John Jane. Wesley aliandika katika shajara yake kwamba nguo zote za marehemu, pamoja na kofia yake, hazikutosha kulipia mazishi, yaliyogharimu pauni 1, shilingi 17 na peni 3. Fedha aliyoiacha ilikuwa shilingi 1 na peni 4. Kwa Wesley hiyo ilikuwa sifa: aliona kiasi hicho kinamtosha mhubiri asiye na mke kuwaachia warithi wake.

Mwaka 1752 ilikubaliwa kwamba kila mhubiri apate pauni 12 kwa mwaka kwa mahitaji yake. Kwa hesabu, pauni 12 ni michango kamili ya watu wasiozidi 29, kama fedha zao zote zingekwenda kwa mhubiri peke yake. Lakini fedha hizohizo zilitakiwa pia kwa majengo, na si wote waliotoa kikamilifu, hivyo si kila mzunguko ulifikia kiwango hicho upesi.

Pauni 12 zilikuwa za mtu mmoja. Swali la wake lilijitokeza wazi mwaka 1757, wakati Alexander Mather, aliyekuwa ameoa, alipotaka kujua mke wake angeishi kwa nini akiwa safarini. Hatimaye mke huyo alipangiwa shilingi 4 kwa wiki, na mfano huo ulifuatwa kwa wake wengine.

Mwaka 1763 uliundwa mfuko wa wahubiri wazee na wagonjwa, ambao kila mhubiri msafiri aliuchangia shilingi 10 kwa mwaka. Kwa watoto, shule ya Kingswood karibu na Bristol, iliyofunguliwa na Wesley mwaka 1748, ilianza kuwapokea wana wa wahubiri, nayo ilisaidiwa kwa sadaka maalumu iliyokusanywa katika mizunguko. Mhubiri anayehamishwa kila mara asingeweza kumsomesha mtoto mahali pamoja.

Marekani

Wamethodisti wa kwanza wa Marekani walikuwa wahamiaji kutoka Ireland. Mmoja wao, Robert Strawbridge, alikuwa mkulima wa Maryland. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kuhubiri majirani walimlimia shamba lake bila malipo na kuitunza familia yake. Huo ulikuwa msaada wa kazi badala ya fedha, nao ulifaa kwa mhubiri anayerudi kwake.

Mwaka 1769 mkutano wa wahubiri uliofanyika Leeds uliwatuma Richard Boardman na Joseph Pilmore wavuke bahari. Wahubiri waliokuwepo walichanga pauni 70 mfukoni mwao: 50 kwa deni la kanisa la New York na 20 kwa nauli ya hao wawili. Francis Asbury (1745–1816) alifuata mwaka 1771.

Mkutano wa kwanza wa wahubiri wa Marekani ulifanyika Philadelphia mwaka 1773. Mwaka uliofuata ulipanga kwamba kila mhubiri apate pauni 6 za Pennsylvania kila robo mwaka, pamoja na gharama za safari, na kwamba farasi aliyepewa na mzunguko awe mali yake. Pauni 24 kwa mwaka za fedha hiyo zilikuwa sawa na dola 64. Dola 64 ndizo zilizojulikana kama posho ya mhubiri baada ya Kanisa la Methodisti la Kiepiskopo kuundwa rasmi mjini Baltimore mnamo Desemba 1784. Kiwango kilipanda hadi dola 80 mwaka 1800, na dola 100 mwaka 1816. Mke alipangiwa kiasi sawa na mumewe, na kuanzia mwaka 1800 watoto walipangiwa dola 16 au 24 kwa kutegemea umri.

Asbury, ambaye akawa askofu na kiongozi wa wote, alipokea kiwango kilekile cha mhubiri wa kawaida. Hakuoa wala hakuwa na nyumba. Kanuni za kanisa zilikataza pia kutoza ada kwa ubatizo au mazishi.

Mkutano wa robo mwaka

Mahali pa kuhesabu fedha palikuwa mkutano wa robo mwaka. Mara nne kwa mwaka viongozi wa madarasa, wahubiri wa mahali na wasimamizi wa fedha wa mzunguko mzima walikutana. Mara nyingi watu wengine wengi walihudhuria pia, kwa kuwa mkutano uliambatana na mahubiri na Meza ya Bwana.

Kila darasa lilileta ilichokusanya, na jina la darasa na kiasi chake vikaandikwa katika kitabu cha msimamizi. Gharama za safari, kama vile vivuko na viatu vya farasi, zilihesabiwa kando na posho. Fedha iliyobaki iligawanywa kwa wahubiri kulingana na stahili zao.

Kwa mfano, chukua mzunguko wenye wahubiri wawili katika miaka ya baada ya 1800, mmoja mseja na mwingine mwenye mke bila watoto. Wa kwanza alistahili dola 80 kwa mwaka na wa pili 160, jumla 240. Ikiwa mzunguko ulikusanya dola 120 tu, wa kwanza alipata 40 na wa pili 80. Hakuna aliyelipwa kwanza mwenzake akingoja: upungufu waligawana kama walivyogawana fedha.

Huko mipakani fedha taslimu zilikuwa adimu. Waumini walitoa soksi, vitambaa vilivyofumwa nyumbani, unga na nyama. Vitu hivyo vilimsaidia mhubiri kuishi, lakini havikuweza kununua farasi wala kulipa deni.

Mizunguko maskini ilisaidiwa kupitia Mkutano wa Mwaka. Huko kila mhubiri alieleza amepokea kiasi gani, na upungufu wake ulijulikana kwa wote. Fedha za pamoja ziligawanywa kwa waliopungukiwa, kwa wastaafu, wajane na yatima. Zilitoka katika vyanzo vitatu:

Cha kwanza kilikuwa sadaka maalumu za mizunguko na ziada ya mizunguko iliyojiweza.

Cha pili kilikuwa faida ya Methodist Book Concern, shirika la uchapishaji lililoanzishwa Philadelphia mwaka 1789 chini ya John Dickins, aliyelikopesha dola 600 zake mwenyewe. Wahubiri walikuwa ndio wauzaji wa vitabu hivyo njiani, na sehemu ya bei ilikuwa yao.

Cha tatu kilikuwa gawio la Chartered Fund, mfuko wa akiba ulioanzishwa na Mkutano Mkuu wa mwaka 1796. Gawio hilo lilikuwa dogo likilinganishwa na mahitaji.

Gharama kwa wahubiri na familia zao

Peter Cartwright (1785–1872), ambaye baadaye alishindwa na Abraham Lincoln katika uchaguzi wa bunge la Marekani wa mwaka 1846, alisimulia katika tawasifu yake jinsi alivyotoka katika mzunguko wa Marietta, Ohio, akiwa kijana. Farasi wake alikuwa amepofuka, tandiko limechakaa, nguo zimejaa viraka, na mfukoni alikuwa na senti 75. Nyumbani kwa wazazi wake kulikuwa na mwendo wa maili kama 500. Alifika kwa kupokewa na watu njiani, na baba yake akampa farasi, tandiko, nguo na dola 40. Ndipo aliporudi kazini. Kwa hiyo fedha ambayo mzunguko haukuitoa ililipwa na baba wa mhubiri.

Mwaka 1806 Asbury aliwakuta wahubiri wa magharibi hawana nguo za kutosha. Aliandika kwamba aliachia saa yake, koti lake na shati lake kwa ajili yao. Katika miaka yake ya mwisho alitembea na daftari la michango kwa wahubiri wenye shida, ambamo mtu mmoja hakuruhusiwa kutoa zaidi ya dola moja, ili maskini wasione aibu na matajiri wasijivune.

Mhubiri mseja aliweza kuvumilia. Aliyeoa alikuwa na madai makubwa zaidi kwa mzunguko uleule, na waumini wengine walilalamika walipotumiwa mtu mwenye familia. Hivyo wahubiri wengi waliooa waliomba kuacha kusafiri. Walikaa mahali pamoja, wakalima au kufanya biashara, na wakaendelea kuhubiri Jumapili bila posho. Asbury alisikitika kila mara alipompoteza mtu kwa njia hiyo, lakini kanisa halikuwa na cha kumpa ili abaki.

Richard Allen na swali la uzee

Pingamizi la wazi zaidi lilitoka kwa Richard Allen (1760–1831), Mwafrika-Marekani aliyezaliwa utumwani na kujinunulia uhuru. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1833, anasimulia kwamba Asbury alimwalika asafiri naye katika majimbo ya kusini. Masharti yalikuwa kwamba asichangamane na watumwa, kwamba mara nyingi angelala ndani ya gari la farasi, na kwamba angepewa chakula na nguo.

Allen aliuliza nani angemtunza akiugua. Asbury alijibu kwamba yeye mwenyewe hakupata zaidi ya chakula na nguo. Allen akasema kuwa askofu angetunzwa popote atakapougulia, lakini yeye hakuwa na hakika ya kutendewa hivyo. Aliona kwamba mtu anapaswa kujiwekea akiba kwa siku za ugonjwa na uzee. Akakataa, akaendelea kuhubiri huku akijitegemea kwa kazi za mikono, na mwaka 1816 akawa askofu wa kwanza wa Kanisa la Methodisti la Kiepiskopo la Kiafrika.

Jibu lake lilionyesha udhaifu wa usawa wa posho. Kiasi kimoja hakikuwa na thamani moja kwa watu wote, kwa sababu sehemu kubwa ya riziki ya mhubiri haikuwa fedha bali ukarimu. Mlango uliofunguliwa kwa mzungu ungeweza kufungwa kwa mtu mweusi mwenye posho ileile.

Mabadiliko

Mkutano Mkuu wa mwaka 1800 ulizishauri jumuiya zijenge au zipange nyumba za wahubiri. Ule wa mwaka 1816 uliagiza kila mzunguko uwe na kamati ya kukadiria gharama za chakula na kuni za familia ya mhubiri, mbali na posho ya dola 100. Hatua hizo ziliwawezesha wahubiri waliooa kubaki kazini.

Lakini nyumba hufunga mtu mahali. Kadiri miji ilivyokua, jumuiya zilizojiweza zilitaka mhubiri wao wenyewe kila Jumapili, nazo zilikuwa tayari kumlipa. Mizunguko iligawanywa kuwa vituo vya kanisa moja moja, na makadirio ya kamati yakawa na uzito kuliko kiwango cha pamoja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 tofauti ya mapato kati ya mchungaji wa mjini na yule wa mashambani ilikuwa dhahiri.

Hali ya leo

Makanisa ya Kimethodisti yamehifadhi baadhi ya misingi ya zamani. Nchini Uingereza wachungaji wana kiwango cha msingi kinachofanana, na makanisa ya mzunguko huchangia kwa pamoja. Nchini Marekani Kanisa la Muungano la Methodisti, lililoundwa mwaka 1968, huweka kima cha chini cha malipo kwa wachungaji wake, na lina fedha za pamoja za kusaidia sharika zisizoweza kukifikia.

Katika Afrika Mashariki Umethodisti ulifika pwani ya Kenya mwaka 1862, Thomas Wakefield alipoanza kazi huko Ribe, karibu na Mombasa, kwa msaada wa Johann Ludwig Krapf. Kanisa la Methodisti nchini Kenya, linalojitegemea tangu mwaka 1967, bado limegawanywa katika mizunguko, ambapo mchungaji mmoja anaweza kuhudumia makanisa kadhaa.